Barua Niliyomwandikia Dada

Dada yangu anaishi Bagamoyo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka misheni ya zamani ya Wakatoliki. Ukipiga hodi kwake, huja mlangoni akikusalimu, "Tumsifu Yesu Kristu." Wakatoliki wenzake humjibu, "Milele amina." Jirani zake Waislamu humwamkia kwa salamu yao, naye huwaitikia kwa furaha ileile. Mimi, mdogo wake, mchungaji wa Kilutheri, kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu, "Shikamoo, dada." Naye alisema, "Marahaba," akanipa kiti, bila kuonyesha kwamba kuna jambo nimeliruka.

Nilikuwa nimeliruka kwa makusudi. Katika insha hii nataka kueleza kwa nini, na jinsi Mungu alivyonifundisha kwa njia ya watu ambao niliamini nilikuwa na mengi ya kuwafundisha.

Kwetu ni milimani, Lushoto. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na dada ndiye aliyenilea. Alinifulia sare, akanipeleka shule, akanisimamia mafundisho ya kipaimara. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther niliikariri jikoni, yeye akisonga ugali mimi nikisoma kwa sauti. Baada ya kila amri aliuliza kama kitabu kinavyouliza: "Maana yake nini?" Nikikosea neno moja alinirudisha mwanzo. Ninapowafundisha watoto wa kipaimara leo, sauti ninayoisikia kichwani si ya mwalimu wangu wa chuo. Ni ya dada.

Baadaye alisomea ualimu, akapangiwa kazi Bagamoyo. Huko alikutana na kijana seremala, Mkatoliki, wa familia ambayo wazee wake walilelewa na misheni tangu zamani. Walipoamua kuoana, dada alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Habari hiyo ilinifikia nikiwa mwaka wa mwisho katika chuo cha theolojia.

Nilimwandikia barua ya kurasa nne. Nilitaja Warumi, nikataja Wagalatia, nikataja Waraka kwa Waebrania. Nilimwambia ameuza imani ya mama yetu kwa ajili ya ndoa. Kuhusu mchumba wake niliandika kwamba ni mtu anayehesabu shanga akidhani anasali. Ninaona aibu kuyaandika tena maneno hayo, lakini nisipoyaandika msomaji atadhani kosa lilikuwa dogo. Harusini sikwenda. Nilisema nina mitihani. Mitihani ilikuwapo kweli, lakini ilikwisha siku mbili kabla ya harusi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Baada ya karibu miaka 500 ya kulaumiana, walikiri pamoja kwamba mwanadamu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa mastahili yake. Tamko hilo nililisoma darasani. Nilifanya mtihani juu yake na nikapata alama nzuri. Barua yangu niliiandika muhula uleule.

Dada hakuijibu. Siku nilipobarikiwa kuwa mchungaji, alikuja Lushoto na mumewe. Walikaa viti vya nyuma. Baada ya ibada nilimwona shemeji nje akishusha mbao kutoka kwenye lori. Alikuwa ameleta meza ya kusomea ya mninga, imefunguliwa vipande vipande, akaiunga palepale uani huku wageni wakila pilau. Alipomaliza alipitisha kiganja juu yake, akasema, "Mchungaji, hapa utaandikia mahubiri." Nikamshukuru kama unavyomshukuru mgeni usiyemjua. Kwenye meza hiyo ndipo ninapoandika sasa.

Ilipita miaka 11 nikihudumu mbali. Tulisalimiana kwa simu Krismasi na Pasaka. Kisha nikahamishiwa usharika mmoja wa pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kutoka hapo mpaka Bagamoyo ni safari ya daladala: unapita Mapinga, Kerege, Zinga, na upande wa kulia mara kwa mara minazi inafunguka unaiona bahari. Sikuwa na kisingizio tena. Nilianza kwenda kwa dada Jumatatu, siku yangu ya mapumziko.

Kwanza nilikwenda kama mkaguzi. Nilitaka kuona imani ile imemfanya nini. Nitasimulia mambo machache niliyoyaona.

Nililiona la mama mkwe wake. Alikuwa mzee sana, amepoteza kumbukumbu, na ugonjwa ulimfanya awe mkali. Alimwita dada mwizi wa kanga zake. Dada alikwenda chumbani, akaleta kanga, akazikunja upya mbele yake moja moja, akisema, "Hizi hapa mama, zote zipo." Kesho yake ilikuwa vilevile. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Nachoka sana. Nikichoka naziombea kanga." Nilidhani anatania. Alikuwa akieleza kweli: kila kanga aliyoikunja aliitajia jina la mtu, mgonjwa au mwanafunzi wake, akamwombea. Mtoto mwenye utoro shuleni alikuwa na kanga yake.

Nililiona la jumuiya. Miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kwamba maisha ya parokia yajengwe katika jumuiya ndogo ndogo, majirani wachache wakikutana nyumbani kwao kwa zamu. Nasi Walutheri tuna jumuiya zetu, na sisemi zao ni bora. Ila nilipokaa barazani siku walipokutana uani kwa dada, nilisikia wakisoma Injili, kisha mwenyekiti akauliza swali ambalo mimi huliogopa: "Wiki hii Neno hili tunalifanyia kwa nani?" Hakuuliza linasema nini. Mama mmoja muuza samaki alijibu kwamba ana mteja aliyemkopa akahama njia asipite mbele ya meza yake. "Wiki hii nitamfuata nimsalimu. Deni nitaliacha, nisimsalimu na kumdai." Wakaandika. Wiki iliyofuata wakamuuliza imekuwaje.

Na nililiona la shemeji. Karakana yake ilikuwa kando ya nyumba. Kila jioni, baada ya kufagia maranda na kufunga zana, alikaa kwenye benchi peke yake kama dakika tano, kofia mkononi. Mwanzo nilidhani anapumzika. Mpwa wangu mdogo akanieleza: "Mjomba, baba anachunguza dhamiri." Ni desturi ya zamani katika Kanisa lao: kabla ya kulala, mtu anaipitia siku yake mbele za Mungu, anashukuru, anatafuta alipokosa. Hilo nililijua kutoka vitabuni. Ambalo sikulijua ni kilichofuata. Baadhi ya jioni alinyanyuka kwenye benchi, akavaa kofia, akatoka nje ya geti. Siku moja nilimsindikiza bila kujua aendako. Tulikwenda mpaka kwa mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, tukapiga hodi. Shemeji akasema, "Mzee wangu, asubuhi ulipokuja kuulizia ubao wa ngalawa nilikujibu vibaya. Nimekuja kuomba radhi." Mzee akacheka, akasema alishasahau. Tulikunywa kahawa, tukarudi. Njiani shemeji hakuzungumzia jambo hilo hata kidogo. Alizungumzia bei ya mbao.

Nami nilikuwa nikitembea kando yake nikiwa na barua ya kurasa nne moyoni. Ilikuwa nafasi nzuri. Kulikuwa na giza, hatuonani nyuso. Nikauliza kuhusu bei ya mbao.

Mwaka 2018 Papa Fransisko alitoa waraka kuhusu utakatifu katika ulimwengu wa leo, unaoitwa Gaudete et Exsultate. Dada alinionyesha sehemu moja waliyokuwa wakiitafakari. Papa anatoa mfano wa mwanamke anayekwenda sokoni. Anakutana na jirani, mazungumzo yanageuka kuwa umbea, naye anaamua moyoni kwamba hatamsema mtu vibaya. Anarudi nyumbani amechoka, mtoto anataka kumsimulia mambo yake, naye anakaa kumsikiliza. Anapatwa na wasiwasi, anasali. Anatoka tena, anakutana na maskini, anasimama kuzungumza naye kwa upole. Hiyo, anafundisha Papa, ndiyo njia ya utakatifu. Inapita sokoni, inaingia jikoni.

Nilipoisoma nilitaka kuona kosa, nikashindwa. Nilishindwa kwa sababu niliwahi kuyasikia mambo hayo kwetu. Mwaka 1522 Luther aliandika juu ya maisha ya ndoa, akamtaja baba anayefua nepi za mtoto wake. Watu wanamcheka wakimwona mjinga, lakini akifanya hivyo kwa imani, Mungu na malaika zake wanafurahi. Luther alifundisha kwamba mjakazi anayefagia nyumba kwa imani anamtumikia Mungu sawasawa na mtawa aliye katika sala. Ndilo fundisho letu la wito, mojawapo ya zawadi ambazo Matengenezo yaliliachia Kanisa. Nimelifundisha mara nyingi. Mke wangu, nilipomsomea maneno hayo jioni moja, aliuliza kwa utulivu ni mara ngapi nimefua nepi za watoto wetu watatu. Ni swali la haki. Jibu lake halizidi vidole vya mkono mmoja.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Sisemi kwamba hakuna tofauti kati yetu. Mimi ni Mlutheri na nitazikwa hivyo. Sala kwa watakatifu sijazikubali. Kuhusu huduma ya Papa na kuhusu Ekaristi, makanisa yetu hayajakubaliana, na kujifanya tumekubaliana ni kudanganya. Mpwa wangu alipopata kipaimara chake, watu wote walinyanyuka kwenda kukomunika, mimi nikabaki kwenye benchi peke yangu, dada akapita mbele yangu akaenda. Mtu aliyenifundisha Baba Yetu, na hatuwezi kushiriki meza moja ya Bwana. Inauma, na nadhani inapaswa kuuma. Lakini kuna meza nyingine ambayo hakuna sinodi wala mtaguso uliowahi kutukataza: meza ya dada yenye wali na samaki, na kiti cha kumwomba mtu msamaha. Meza hiyo niliikwepa mwenyewe.

Mwaka wa tano tangu nihamie pwani, shemeji alifariki ghafla. Alianguka karakanani asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka. Nilipopigiwa simu nilikuwa kwenye meza ile ya mninga, nikiandaa mahubiri ya Jumapili juu ya Mathayo 5, pale Bwana anapomwambia mtu ambaye ndugu yake ana neno juu yake aache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane naye.

Msibani niliona alivyoishi kuliko nilivyoona alipokuwa hai. Majirani Waislamu walileta masufuria na kuni, vijana wao wakashiriki kuchimba kaburi. Yule mzee mvuvi alikaa kwenye mkeka tangu alfajiri hadi jioni. Yule muuza samaki alisimamia jiko. Paroko aliniomba nisome somo moja na kutoa neno la faraja nyumbani. Nilitoa. Watu walisema nimesema vizuri. Mimi nilijua kwamba kuna neno moja lililompasa marehemu kutoka kwangu, na ulikuwa umechelewa wakati wake.

Siku ya pili baada ya maziko nilishindwa kukaa ndani, nikatoka nikatembea mpaka misheni. Wengi wenu mmefika pale. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao watoto. Kuna makaburi ya wamisionari wa kwanza. Homa za pwani ziliwaondoa wengi wangali vijana. Kuna mnara wa kanisa la zamani, nao watu huuita mnara wa Livingstone.

Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila kuifikiri vizuri historia hiyo. David Livingstone hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mskochi, mmisionari wa Kiprotestanti. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walizika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mabegani safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mapadre Wakatoliki wakaupokea mwili ule, ukalazwa misheni kwa heshima kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Wakati huo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakitukanana vikali kuliko sisi. Mtaguso uliokuja kuwaita Waprotestanti ndugu ulikuwa mbele kwa karibu miaka 90. Lakini wapagazi waliochoka walikuwa mlangoni na maiti, na mlango ukafunguliwa.

Wapo wasemao jina la mji huu lilitokana na wapagazi hao wa misafara: bwaga moyo, tua mzigo, umefika. Nilisimama chini ya mnara nikajiuliza mzigo wangu nitautua lini, ikiwa hata Bagamoyo nimekaa nao miaka mitano.

Karibu na hapo upo mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, mama Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, alifunga mnyororo kwenye mti huo kwa ajili ya punda wake. Punda alikwenda zake, mnyororo ukasahaulika, na mbuyu ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Leo unaonekana ukitokeza kidogo tu kwenye gome. Mtoto mmoja wa shule aliyekuwa na wenzake akauvuta, mwalimu akamwambia, "Acha, hautoki huo, umeshakuwa mti." Nilirudi nyumbani na maneno hayo ya mwalimu. Barua yangu nilikuwa nimeifunga kwa siku moja, nikidhani ni jambo la siku moja. Nilikuwa nimenenepa juu yake. Nilipata usharika, nikapata watoto, nikapata sifa ya uhubiri, na mnyororo umo ndani.

Jioni ile wageni walipopungua, nilimkuta dada jikoni akichambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda kama zamani. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikasema tu, "Dada, ile barua."

Hakuuliza ipi. Aliendelea kuchambua.

"Nilikosa. Nilikukosea wewe, nikamkosea na shemeji, naye nimeshindwa kumwambia. Naomba unisamehe."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Nilikusamehe zamani, mdogo wangu. Nilikuwa nasubiri uje uchukue." Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. "Barua ile aliisoma yeye kabla yangu. Mimi nilishindwa kumaliza ukurasa wa kwanza, nililia. Akaichukua akaisoma yote, mpaka ile ya shanga. Nikasema huyu si ndugu yangu tena. Akaniambia hapana. Akasema, huyu kijana anaogopa kukupoteza, hana mtu mwingine duniani, ila hajui kusema hivyo, amesoma sana. Tumngoje. Ndipo akaanza kuchagua mbao za meza."

Sikuweza kusema kitu. Dada akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona anataka kutabasamu. Akasema, kwa sauti ileile ya jikoni Lushoto, "Amri ya nane. Maana yake nini?"

Nikajibu kama mtoto. Kwamba tusimzushie jirani yetu uongo wala kumsaliti wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumseme vema, na mambo yake yote tuyafasiri kwa upande ulio mzuri. Nimewafundisha mamia ya watoto maneno hayo ya Luther. Shemeji hakuwahi kuyakariri. Aliyatenda kwa kijana aliyemtukana, akayatia na msumari na gundi, na mimi nikayaandikia mahubiri juu yake miaka 16 bila kujua.

Tangu siku ile nimejaribu mambo matatu madogo, nami nawashirikisha ninyi wapendwa bila kudai nimefika mbali. La kwanza, jioni kabla ya kulala nakaa dakika tano naipitia siku. Sihitaji kuwa Mkatoliki kufanya hivyo. Luther mwenyewe katika Katekisimu ametuachia sala ya jioni ya kuomba kusamehewa makosa ya siku. Nikikumbuka mtu niliyemkosea na bado hajalala, namfuata au nampigia simu. Wazee wa usharika walishangaa mara ya kwanza. Sasa na wao wananipigia. La pili, nikiandaa mahubiri najiuliza swali la mwenyekiti wa jumuiya: wiki hii Neno hili nalifanyia kwa nani? Ikiwa sina jina la mtu, sijamaliza kuandaa. La tatu, mtu akiniandikia au akinisema kwa ukali, najaribu kutafuta anaogopa nini kabla sijajibu. Hili ndilo gumu kuliko yote na mara nyingi nashindwa.

Neema ya Mungu haikungoja nitende haya ndipo inipokee. Hilo ndilo Injili, na ndilo tulilokiri pamoja kule Augsburg. Lakini mtu aliyepokelewa hivyo, kisha akamfungia mlango dada yake, bado hajaelewa alivyopokelewa. Mtume Yohana anasema wazi kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Mimi nilikuwa na hoja sahihi nyingi kuhusu Mungu nisiyemwona.

Labda nawe una barua yako. Pengine ilikuwa ujumbe wa simu, au maneno kwenye kikao cha ukoo, au harusi ambayo hukwenda. Kama uliyemkosea yu hai, usisubiri kupanga maneno. Nenda na machache uliyo nayo. Mimi kwa dada nilifika. Kwa shemeji sikufika, na hilo ninalo mpaka siku ya ufufuo, ambapo naamini nitamkuta, na naamini atanizungumzisha kwanza habari za mbao.

Jumatatu iliyopita nilipiga hodi Bagamoyo. Mama mkwe naye ametangulia sasa, na kanga zake amegawiwa muuza samaki na wenzake wa jumuiya. Dada alikuja mlangoni akifuta mikono, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu."

Nikajibu, "Milele amina. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia, chakula kiko tayari."